Jina Lililotoka Kwenye Gurudumu

Jumanne, 9 Januari

Baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Watoto wametolewa nje wakati wa mapumziko kama kawaida, wakarudi na kope nyeupe. Viatu wakavivua mlangoni, korido ikawa dimbwi, na nani kalikanyaga kwa soksi? Mimi. Basi, muhula umeanza.

Leo nimewaonyesha gurudumu la majina. Nimelipata mtandaoni wakati wa Krismasi, la bure, halitaki hata nenosiri. Unaandika majina ya darasa, kila jina linapata kipande chake cha rangi. Ukibonyeza linazunguka kwenye skrini kubwa kwa mlio wa ngoma, likisimama linapiga makofi. Aliyeangukiwa anasoma. Darasa la tano liliripuka kwa furaha! Eemeli, ambaye kusoma kwake ni kama kuburuta gogo, aliomba nizungushe tena ili limwangukie yeye.

Halafu likamwangukia Saimi.

Alisimama, kitabu mkononi. Makofi ya mashine yakaisha. Saimi ni mtoto wa kimya, tangu darasa la kwanza imeandikwa hivyo kwenye ripoti zake, na huku kwetu hiyo ni sifa. Lakini leo kimya chake kilikuwa cha aina nyingine. Shingo nyekundu mpaka masikioni. Mdomo ulifunguka, sauti haikuja. Mmoja nyuma akacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikasema haya, asante, kaa, twende mbele — nikazungusha tena haraka haraka.

Baada ya masomo nimelifuta jina lake. Ni kubonyeza mara moja tu. Mtoto aachiwe amani yake. Nimerudi nyumbani nikijiona mwalimu mwenye huruma kweli kweli.

Ijumaa, 12 Januari

Dokezo la Ijumaa limetoka! Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwasaidia wenzangu mambo ya kompyuta, na kila Ijumaa nawaandikia kitu kimoja tu, kifupi, cha kutumia Jumatatu asubuhi. Kabla ya Krismasi niliwaambia wawashe maandishi chini ya video hata kama watoto wanaijua lugha, maana wasomaji wazito wanafaidika bila kuaibika. Leo ni zamu ya gurudumu. Na nikaongeza: msiandike majina upya! Orodha ya darasa langu nimeitoa kwenye gurudumu nikaiweka kwenye folda ya pamoja. Nakili, bandika, kwisha. Gurudumu, kupanga wawili wawili, kupanga zamu — orodha ni hiyo hiyo.

Saa ya kahawa nilisifiwa mpaka nikaona haya. Orvokki wa Kiingereza, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, amebandika orodha mwenyewe bila kuniita. Veli-Matti wa useremala aliuliza kama gurudumu langu linajua kushika msumeno.

“Halijui,” nikamwambia, “lakini linajua nani hajafagia karakana.”

“Hapo sasa umesema, fundi mitambo. Niwekee.”

Nikamwekea kwenye tableti yake, huku natafuna andazi la iliki. Nimefurahi leo. Naandika ili nikumbuke kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 25 Januari

Supu ya njegere na chapati za maji, Alhamisi kama Alhamisi zote. Nimekula chapati nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Kituko cha wiki: Orvokki alifungua barua pepe zake darasani akasahau kwamba projekta inaonyesha kila kitu. Darasa zima likasoma habari za meno yake ya bandia! Amecheka yeye kabla yao, mama huyu ana moyo. Kwa hiyo kesho dokezo ni hilo: kabla hujafungua chochote chako, bonyeza kitufe cha kugandisha picha. Watoto wabaki na picha ya zamani, wewe uendelee na mambo yako. Nimeandika kwa herufi kubwa: GANDISHA KWANZA.

Gurudumu linaendelea vizuri. Leo lilipokuwa linazunguka nilimwona Saimi anaitazama skrini, macho makavu, hapepesi. Nikadhani anaogopa. Nikamtabasamia, kumaanisha usiwe na wasiwasi, jina lako halimo.

Hakunitabasamia.

Jumatatu, 5 Februari

Saimi hayupo. Baba yake ameandika kwenye mfumo wa ujumbe wa shule: tumbo. Neno moja. Jouni huyo anaendesha lori la magogo, na maneno anayatumia kama dizeli yake mwenyewe. Nikajibu: apone haraka.

Ijumaa pia hakuwepo, sasa ndiyo nakumbuka. Na Alhamisi?

Jumatano, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Eemeli alibaki nyuma wakati wenzake wanavaa makoti. Akauliza Saimi ameshahama au bado.

“Ahamie wapi?”

“Sijui, mwalimu. Si jina lake limetolewa? Ilmari alipohamia Kajaani si mlimtoa kila mahali?”

Nikamuuliza nani kamwambia limetolewa. Akanitazama kama mtu anayemwonea mzee huruma. Akasema wanaona wote. Majina yanaandikwa kwenye vipande, mwalimu, makubwa, tunasoma.

Jamani! Mimi hukaa nyuma ya kompyuta nikitazama nyuso zao. Wao wanatazama majina. Kila mara lilipozunguka, kwa wiki zote hizi, Saimi alilitafuta jina lake mbele ya wenzake wote na halikuwemo. Nami nikamtabasamia.

Kumbe walianza hata kadi ya kumuaga. Eemeli amechora lori. Siku moja walimuuliza anahamia mji gani. Nikauliza, akajibu nini? Eemeli akavuta zipu ya koti.

“Hakusema kitu. Si unamjua.”

Nilikuwa nadhani namjua.

Alhamisi, 8 Februari

Leo supu sikuigusa.

Nimewauliza wenzangu kwenye chumba cha walimu, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta funguo alizozipoteza mwenyewe. Wote walinakili orodha yangu. Yangu ile isiyo na Saimi! Orvokki hupanga watoto wawili wawili kwa mashine, na kila mara Saimi alibaki pembeni. Basi Orvokki alikuwa anafanya naye mazoezi ya mazungumzo yeye mwenyewe, kwa upole, bila kuniuliza kitu. Alidhani ndivyo tulivyokubaliana na nyumbani. Hakutaka kuingilia.

Veli-Matti alikuna ndevu. Akasema mtoto hajawahi kupata zamu ya kufagia karakana, na yeye hakushangaa, alijua ni mpango wangu. Siku moja Saimi alichukua fagio mwenyewe. Akamwambia acha, mwanangu, leo si zamu yako.

“Akafanyaje?”

“Alilirudisha fagio. Akanyoosha na yale mengine.”

Alipolisema hilo alitazama kikombe chake, akatoka kabla ya kengele.

Hatukumnyima mtoto chochote kwa chuki. Hata kidogo! Kila mmoja aliona, kila mmoja akadhani mwenzake anajua sababu, kila mmoja akanyamaza kwa heshima. Hiyo ndiyo adabu yetu. Mtu akikaa peke yake kwenye benchi hatumsogelei, tunasema ana amani yake. Nimelelewa hivyo, nimefundisha hivyo. Leo nimeichukia adabu hii.

Nimemrudisha kwenye orodha, wenzangu nao. Ni kubonyeza mara moja tu, hilo nalo. Kiti chake bado kitupu.

Ijumaa, 9 Februari

Nilizungusha gurudumu asubuhi kwa mazoea tu. Ngoma ikalia, majina yakapita, na jina la Saimi limo, la kijani. Likasimama kwake.

Makofi yakapiga! Yale makofi ya mashine, marefu, ya kipumbavu, na sikupata haraka mahali pa kuyazima. Watoto wakageuka wote kukitazama kiti. Hakuna aliyecheka safari hii. Nimezima skrini, tumesoma kwa zamu ya madawati kama zamani.

Dokezo la Ijumaa sikuliandika. Hakuna aliyeuliza. Bila shaka hakuna aliyeuliza!

Mchana nikamwandikia Jouni. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikauliza tu Saimi anasemaje kuhusu shule. Akanijibu kwa maneno mengi kuliko yote aliyoniandikia tangu nimjue. Mtoto alirudi nyumbani Januari akasema gurudumu lilimwangukia na sauti ikagoma. Akasema likimwangukia tena, atasoma. Kila jioni alisimama jikoni akasoma kwa sauti, baba anamenya viazi, mbwa anasikiliza. Kurasa na kurasa. Ukurasa wa shule ukiisha anasoma maandishi ya pakiti ya uji. Sauti ilikuwa imefunguka, Jouni anasema, mpaka yeye mwenyewe alishangaa. Halafu siku moja mtoto hakusimama. Akasema hakuna haja, jina halimo. Mwisho wa ujumbe, Jouni ameuliza: kuna tatizo gani na jina lake?

Nilikuwa na vidole juu ya herufi. Ukweli ulikuwa sentensi moja. Na mimi, ninayewafundisha wenzangu, mimi mwenye madokezo, nikamwandikia kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye programu. Majina hudondoka wakati mwingine. Tumeshalirudisha, tunasikitika.

Jibu lilikuja palepale. “Aha. Mashine. Nitamwambia, atafurahi.”

Atafurahi!

Jumamosi, 10 Februari

Sauna. Nimekaa kwenye mvuke mpaka mawe ya jiko yakapoa.

Kwanza nilijitetea. Nilifanya kwa huruma. Lakini huruma gani isiyouliza? Ingenigharimu nini kumwita pembeni, nikamwambia Saimi, unataka nikutoe kwa muda? Angetikisa kichwa. Angetikisa kichwa na Januari yote ingekuwa nyingine.

Halafu huo uongo. Najua kwa nini niliusema. Sikutaka Jouni anidharau. Ni hilo tu, hakuna kubwa zaidi. Kuisingizia mashine ni rahisi, haina mdomo. Najuta kulifuta jina, lakini lile nililifanya bila kujua. Hili nimelifanya macho wazi.

Njia ya mwongo ni fupi, bibi yangu alikuwa akisema. Yangu sijui inaishia wapi.

Jumanne, 13 Februari

Amekuja!

Leo ni siku ya kuteleza kilimani, shule nzima, vigari vya theluji, maplastiki, mpaka trei za jikoni. Jua limetoka, nyuzi tano tu chini ya sifuri, tumekula mikate mitamu ya krimu, nimepakaa krimu kwenye miwani. Nilikuwa chini ya kilima nikipokea wanaoserereka, na wa tatu kwenye kigari cha Eemeli alikuwa yeye. Kofia ya njano. Eemeli alikuwa amemwambia kila mtu kwamba Saimi hahami, mashine ndiyo iliharibika. Kumbe habari imeshafika kote. Watoto wanaicheka mashine. Kadi ya kumuaga wameipa jina jipya, kadi ya kumkaribisha, lori limebaki lilelile.

Nilifurahi mpaka machozi. Kisha akaja kusimama karibu yangu, akikung'uta theluji kwenye glovu.

“Baba kasema lilidondoka,” akasema.

Nikasema ee.

Akafikiri. Saimi akifikiri unaona kabisa, kama maji yanayochemka polepole. Akasema huenda yamedondoka na kwingine. Shule nyingine. Huenda kuna mtoto mahali anadhani wamemtoa makusudi.

“Si unawaandikia walimu kila Ijumaa? Waandikie waangalie.”

“Nitawaandikia.”

“Nami nitalisoma hilo dokezo darasani, mwalimu. Kwa sauti. Maana lilinitokea mimi.”

Miaka miwili nimemfundisha mtoto huyu. Sijawahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwake kwa mpigo. Sauti yake ni nene kidogo, ya kukwaruza, nzuri. Nami nikasema, vizuri, Ijumaa basi. Nikamfunga skafu vizuri ingawa ilikuwa imefungwa.

Alhamisi, 15 Februari

Nimemweleza Veli-Matti yote, karakanani, milango imefungwa. Sikuweza kubaki nayo peke yangu. Alisikiliza huku anapiga msasa ubao ambao ulishakuwa laini. Akasema niliache. Yaliyopita si ndwele. Mtoto amerudi, ana sauti, anacheka na wenzake.

“Ukimwambia wewe ndiye uliyefuta, unamrudisha nyumbani, chini ya blanketi. Kwa faida ya nani? Yako tu, ulale vizuri.”

Huenda ana haki. Lakini pia mtoto atasimama mbele ya wenzake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na la kwanza atakalosoma ni uongo wangu! Nitampa mimi mwenyewe aushike mkononi. Na siku akijua, na watu hujua, ataamini nini tena kinachotoka kwa mtu mzima aliyemtabasamia?

Nilikuwa nimepanga kumwambia leo baada ya useremala. Nilifika mlangoni. Gurudumu la Veli-Matti lilikuwa limemwangukia, na Saimi alikuwa anafagia. Anafagia chini ya kila meza, kila kona, anawaambia wenzake wanyanyue miguu! Nikarudi nilikotoka.

Kesho asubuhi, basi. Kabla ya kusoma.

Ijumaa, 16 Februari

Asubuhi sikuwahi. Orvokki alinikamata koridoni, tableti yake imegoma. Kisha kengele.

Sasa ni robo saa ya kusoma kimya. Kila mtoto na kitabu chake, soksi chini ya madawati, kipima muda kimewashwa kwenye skrini kubwa ili waone dakika zinavyopungua. Kikilia, ni zamu ya Saimi. Amekuja na nywele zimesukwa. Jouni kazisuka, bila shaka, zimekwenda upande. Tangu asubuhi ananitupia jicho, kama wenye siri pamoja.

Nimefungua kompyuta kuandika dokezo. Nimeandika moja: Wapendwa, programu ya gurudumu ina kasoro, majina ya watoto hudondoka, tafadhali hakikisheni. Sentensi safi. Saimi angelisoma vizuri sana.

Chini yake nimeandika la pili, ili nione tu linavyokaa. Wapendwa, gurudumu halina kasoro. Mimi ndiye niliyelifuta jina la Saimi, bila kumuuliza, nikidhani namsaidia. Kisha nikadanganya. Alikuwa anajizoeza kusoma kila jioni ili limwangukie. Kabla hamjamwondolea mtoto kitu, muulizeni.

Nimeyaacha yote mawili nimegeukia daftari hili, maana humu hakuna wa kunisahihisha. La kwanza au la pili? Nikimwita sasa hivi koridoni, kabla kipima muda hakijalia, nimwambie uso kwa uso — hilo ndilo sahihi, ninalijua tangu Ijumaa iliyopita. Miguu ndiyo haitaki.

Darasa limetulia mno. Hata Eemeli hageuzi ukurasa.

Nimeinua macho kuona dakika zilizobaki kwenye kompyuta. Kipima muda hakipo. Kuna barua pepe yangu, yenye madokezo yote mawili. Nimeifungua juu yake.

Projekta.

Sikugandisha.

Saimi hatazami kitabu. Anatazama juu ya kichwa changu, midomo inacheza polepole, kama anavyofanya jikoni kwao pengine, mstari kwa mstari. Amefika chini. Amerudi juu, anasoma tena. Siwezi kugeuka, na kuzima sasa ni kufuta mara ya pili.

Ameinua mkono.